Kisumu ni mji wa ziwa, mbona ziwa lenyewe halionekani?

#1 Nyar_Nyalenda
Hamjambo wote. Jumamosi nilimpokea binamu yangu kutoka Machakos, hajawahi kufika Kisumu. Tulishukia stendi kuu, tukapanda tuktuk mpaka mnara wa saa pale barabara ya Oginga Odinga, tukaanza kutembea. Nikamwonyesha maduka ya Wahindi yenye baraza za zamani, nikamwonyesha Oile, nikamnunulia miwa. Baada ya kama nusu saa akasimama akaniuliza, "Dada, na ziwa liko wapi?"

Nikacheka. Nikageuka kumwonyesha kwa kidole, na kidole kikaishia kwenye ukuta wa godauni.

Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, na siku hiyo ndiyo nimegundua kwamba mjini kwetu unaweza kuzunguka siku nzima usione tone la Ziwa Victoria. Mwanza nilikwenda mara moja, ziwa liko usoni, mawe yamesimama majini kama yanapigwa picha. Sisi mji wetu umekaa umelipa ziwa mgongo. Nani aliamua hivyo? Wanaojua historia naomba mnisaidie, binamu bado ananicheka.

#2 TuktukManyatta
Angepanda yangu ningemfikisha ufuo wa Dunga moja kwa moja, akaona ziwa, akaona na viboko. Nyinyi mnatembeza wageni kwa miguu halafu mnalaumu historia.

#3 MzeeStesheni
Nyathina, jibu lako ni fupi: reli. Nimefanya kazi ya reli tangu nikiwa kijana wa miaka 22 hadi nikastaafu, kwa hiyo nisikilize.

Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika hapa tarehe 20 Desemba 1901. Ni kilomita kama 940. Haikuletwa ili watu waone maji yanavyometameta jioni. Ililetwa ili mzigo ushuke kwenye behewa upande meli, uvuke ziwa hadi Uganda. Sasa ukitaka behewa lifike ubavuni mwa meli, pwani yote lazima iwe ya reli: njia za kupishana, karakana, magodauni, matangi ya mafuta, nyumba za wafanyakazi. Mji ulikuja kupanga foleni nyuma ya stesheni kama wateja wanaosubiri dirishani. Ziwa lilikuwa ofisi ya watu, na ofisini hawaingii watazamaji.

#4 Riat_Juu
Nyar_Nyalenda, hujapanda Riat. Njoo huku juu saa kumi na mbili jioni, ghuba yote utaiona imelala chini kama sinia. Ziwa linaonekana. Nyinyi wa chini ndio mmejificha.

#5 Nyar_Nyalenda
@Riat_Juu swali langu ni la mjini. Hata Nairobi inaonekana ukipanda Ngong.

#6 MwalimuMstaafu
Asanteni kwa mada. Mzee wa Stesheni ana hoja, ila ameanza hadithi katikati.

Mchoro wa kwanza wa mji, wa Julai 1899, haukulipa ziwa mgongo. Uliweka gati na maduka ukingoni kabisa mwa maji, upande wa kaskazini wa ghuba, karibu na ilipo barabara ya uwanja wa ndege leo. Yaani mji wa kwanza ulitazama ziwa. Uliouhamisha ni ugonjwa. Ile tambarare ilikuwa na mbu na majimaji, kisha tauni ikazuka, wakubwa wakaona ni afadhali kuhamia kwenye mwinuko wa upande wa kusini, uliko mji sasa. Watu walikuwa wanayakimbia maji, hawakuwa na hamu ya kuyatazama.

Halafu likaja la rangi. Mwaka 1914 Profesa W. J. Simpson alitoa ripoti kuhusu afya katika miji ya Afrika Mashariki, akapendekeza watu wagawanywe kwa rangi kwa kisingizio cha kuzuia magonjwa. Tazama Kisumu ilivyokaa: Milimani penye upepo walikaa Wazungu, katikati penye maduka wakakaa Wahindi, Mwafrika akawekwa pembeni. Sasa nikuulize, mwanangu: Milimani ziwa halionekani? Linaonekana vizuri sana. Kwa hiyo halikufichwa kwa kila mtu.

#7 TuktukManyatta
Mwalimu amepiga msumari kichwani. Mimi nikipeleka mteja Milimani lazima nipunguze mwendo nitazame na mimi.

#8 MzeeStesheni
Mwalimu, na hiyo tauni ilikuwa na panya waliotoka wapi? Kwenye nafaka za magodauni. Na magodauni yalikuwa ya nani? Ya wasafirishaji wa reli. Bado ni reli.

#9 PwaniKwetu
Salamu kutoka Mombasa. Kama ziwa hamlitaki tupeni sisi tuliweke kando ya bahari. Halafu nauliza, si huo mji ulikuwa ukiitwa Port Florence kwa jina la binti ya malkia?

#10 Seme_Kwetu
@PwaniKwetu hapana, hakuna malkia hapo. Florence alikuwa mke wa Ronald Preston, mhandisi aliyekuwa mbele na genge la kutandika reli. Huyo mama aliishi kwenye mahema kando ya njia miaka yote hiyo, na reli ilipofika ziwani ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho. Mji ukapewa jina lake.

#11 MwalimuMstaafu
Msumari alipigilia yeye, hilo sawa. Ila mkubwa wa ujenzi wote alikuwa George Whitehouse, na mke wake naye aliitwa Florence. Wapo wanaosema jina lilikuwa la heshima ya mke wa mkubwa. Fikirieni wenyewe: ukiwa ofisini unataka kupandishwa cheo, utaita bandari kwa jina la mke wa nani?

#12 Seme_Kwetu
Mwalimu, huyo mwingine hakulala hemani na simba wakinguruma nje. Mimi nabaki na Florence wa Preston.

#13 Min_Akinyi
Haki wanaume! Florence wawili mnawagombania na wote hawapo. Jina lenyewe halikudumu, mji ukarudi kuwa Kisumu.

#14 Kibos_Damu
Mmeruka jambo kubwa. Treni ilipofika hapa Desemba 1901, haikuwa imefika Kenya. Ilikuwa imefika Uganda.

Sitanii. Eneo lote hili, kuanzia Bonde la Ufa huko Naivasha mpaka ziwani, lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Lilihamishiwa upande wetu tarehe 1 Aprili 1902. Ndiyo maana Waingereza waliiita Reli ya Uganda bila aibu: ilipoishia ni Uganda kweli. Miezi mitatu na ushee baadaye mpaka ukasogezwa, reli yote ikajikuta nchi moja.

#15 TuktukManyatta
Kumbe! Ndiyo maana napenda matoke.

#16 PwaniKwetu
Tarehe 1 Aprili? Una uhakika hawakuwa wanafanya mzaha wa Siku ya Wajinga?

#17 Kibos_Damu
Tarehe ndiyo hiyo, ndugu. Mzaha kama ulikuwepo waliuona waliohamishwa nchi wakiwa wamelala.

#18 Mbale_Vihiga
Kabla ya Port Florence na Uganda zenu, hapo palikuwa na jina, na jina linatuhusu sisi. Kiluhya, *khusuma* ni kwenda kwa watu kutafuta chakula wakati wa njaa. Unabeba ulichonacho, unarudi na nafaka. Kwa hiyo Kisumu ni pale Waluhya walipokwenda kusuma. Nasubiri matusi.

#19 Seme_Kwetu
Omera, matusi hakuna, ila Kidholuo tunasema *adhi kisuma*, maana yake ni hiyo hiyo: nakwenda kubadilishana vitu nipate chakula. Nyinyi mliteremka na mahindi, sisi tukawapa samaki. Nani alimfundisha mwenzake neno?

#20 Kisii_Mlimani
Sisi Abagusii tuna *egesumu*. Ni kibanda cha kuku. Mji wenu ni kibanda cha kuku, tuheshimiane.

#21 Min_Akinyi
😂😂 Kibanda cha kuku! Na Wanandi nao wana la kwao, watakuja hapa sasa hivi.

La kweli nililosikia kwa nyanya yangu ni hili. Yeye alitoka upande wa Nyakach, akaolewa huku. Alisema mwaka wa njaa mama yake alibeba vyungu viwili vikubwa kichwani, akatembea alfajiri, akarudi siku ya pili jioni bila chungu hata kimoja, amebeba mtama kwenye kikapu. Walipomuuliza alikuwa wapi hakutaja mahali. Alisema tu, "*Ne adhi kisuma.*" Nilikwenda kusuma. Kwa nyanya hilo halikuwa jina la mji, lilikuwa jina la safari.

#22 Mbale_Vihiga
Dada, hiyo nimeipokea. Na mtama huo lazima ulitoka kwetu.

#23 Lwangni_Original
Turudi kwa ziwa. Nyar_Nyalenda amesahau Lwang'ni! Kwa miaka mingi mtu wa kawaida aliona ziwa pale, na alilipia kwa kula. Unafika, unaonyeshwa samaki wabichi kwenye beseni, ngege, yaani tilapia, wamepangwa kwa ukubwa. Unachagua wako, bei mnapatana samaki akiwa bado anakutazama. Mama anamchanja mara tatu kila ubavu, anamtosa kwenye mafuta, anamkaanga mpaka mkia unakuwa kama kitu cha kutafuna na chai. Halafu analetwa mzima kwenye sinia, na sukuma, na ugali wa moto. Unanawa kwa jagi. Na nzi wapo, jina lenyewe Lwang'ni ni nzi, hakuna aliyefichwa chochote.

Ukiinua macho, ziwa hilo. Na kando yako vijana wanaoshea magari majini.

Vibanda vilipobomolewa, mlango wetu wa kuonea ziwa ukaenda navyo. Nasikia watu wakisema pamekuwa pasafi. Sawa. Nami nilikuwa na meza ndani ya ule uchafu, na karo za watoto wawili zilitoka kwenye meza ile.

#24 Nyar_Nyalenda
Pole sana mama. Nilikula kwenu nikiwa darasa la nne, siku baba alipopata mshahara wa nyuma.

#25 Riat_Juu
@Lwangni_Original nakubali samaki. Ila hapo ulipotaja kuosha magari ziwani, ndipo penye jibu lingine. Ziwa limegeuzwa karai. Nani ajenge nyumba aangalie karai?

#26 Dunga_Mvuvi
Mnaongea kama ziwa limetulia mahali pamoja. Kuna miezi mji ukitaka kulitazama utaona kijani tupu. Gugumaji liliingia ziwani humu kuelekea 1990, na kufika 1998 ghuba hii ilikuwa shamba. Ndege wanatembea juu yake, nyoka nao. Nilikaa siku tatu ndani ya mtumbwi kutoka sehemu ambayo kwa kawaida ni saa mbili tu. Tulikuwa tunakata njia kwa panga, ukipita linafunga nyuma yako. Walileta wadudu wa kulila, likapungua, na bado hurudi.

Na ghuba hii ni kina kifupi, wastani mita 6 hivi. Upepo ukibadilika, gugumaji lote linahamia kwako. Asubuhi ziwa lipo, mchana halipo. Mhandisi angejenga dirisha lielekee wapi?

#27 MwalimuMstaafu
Ongezea na daraja la Mbita. Zamani maji ya ghuba yalipita katikati ya Mbita na Rusinga. Miaka ya 1980 wakajaza tuta pale ili magari yavuke, njia ya maji ikaziba, ghuba ikawa kama chumba chenye mlango mmoja. Wavuvi walilalamika miaka na miaka, mpaka tuta likafunguliwa na daraja likajengwa.

Ila, Dunga, gugumaji ni la juzi. Mji ulishageuka mgongo miaka themanini kabla yake.

#28 Dunga_Mvuvi
Mwalimu, sikusema gugumaji ndilo lililoanza. Nasema hata ungeugeuza mji leo, usingekuwa na uhakika wa kuona kitu.

#29 TuktukManyatta
Na viboko mbona hamsemi? Usiku wanapanda kula nyasi. Kiboko hajali mji umegeukia wapi.

#30 Fundi_wa_Saa
Nyar_Nyalenda alianzia mnara wa saa na hakuna aliyeuliza ni wa nani. Vijana wanapatana kukutana "kwa saa" kila siku na hawajasoma kibao. Ulijengwa kumkumbuka Kassim Lakha, mfanyabiashara aliyefika Afrika Mashariki 1871 akafa Kampala 1910. Wanawe ndio walioujenga, na gavana Brooke-Popham akauzindua Agosti 1938.

Sasa angalieni ajabu: mtu amekufa Kampala, mnara uko Kisumu. Kwa wafanyabiashara wale Kampala na Kisumu zilikuwa ng'ambo mbili za duka moja, ziwa likiwa ndilo barabara. Wao hawakulipa ziwa mgongo.

#31 Kibos_Damu
Hapo umesema. Na ndiyo maana barabara hiyo ya maduka inateremka kuelekea bandarini. Kama mji ungekuwa umelichukia ziwa, ingeelekea Kakamega.

#32 MzeeStesheni
Inateremka kuelekea *stesheni*.

#33 Obunga_Finest
Swali la kando: kwa nini hospitali kuu watu wanaiita Russia? Nilimwambia tabibu mgeni "nenda Russia", akadhani namtukana.

#34 MwalimuMstaafu
Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, Jaramogi akiwa mmoja wa waliouhangaikia. Sasa inaitwa kwa jina lake, Jaramogi Oginga Odinga. Siku Mzee Kenyatta alipokuja kuifungua, tarehe 25 Oktoba 1969, yeye na Jaramogi walirushiana maneno hadharani, umati ukachafuka, na risasi zikapigwa. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Kisumu haijawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku chache baadaye KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi, kikapigwa marufuku.

#35 Min_Akinyi
Mjomba wangu alikuwa mwanafunzi siku hiyo, amesimama kando ya barabara na bendera ndogo ya karatasi. Alirudi nyumbani bila viatu. Mpaka alipokufa hakupenda kupita njia ile, angezungukia Kondele hata kama ana haraka.

#36 Obunga_Finest
Niliuliza nikicheka. Samahanini.

#37 Seme_Kwetu
Hujakosea, omera. Wengi wetu tuliambiwa jina bila kuambiwa sababu.

#38 Nakuru_Section58
Poleni na habari nzito. Mimi nimekuja kuwatetea: na sisi Nakuru tuna ziwa, na mjini hulioni. Letu lilizungushiwa ua, ni hifadhi ya taifa tangu 1968, unalipa getini ndipo ulitazame. Halafu miaka hii likaanza kujaa, likameza geti la zamani na nyumba za watu. Sisi tuliliacha, likatufuata.

#39 Riat_Juu
Hata la kwetu lilipanda 1961 hadi 1964, zaidi ya mita mbili. Na 2020 tena, hoteli za ufuoni zikawa zinahudumia samaki ndani ya maji. Huenda waliojenga mbali na maji walikuwa na akili kuliko tunavyowapa.

#40 Kibos_Damu
Waliojenga 1901 wangejuaje ya 1961?

#41 Riat_Juu
Wangewauliza Waluo. Boma la mzee wetu halijawahi kujengwa ufuoni. Unajenga kwenye mwinuko, unateremka kuchota.

#42 Dunga_Mvuvi
Hilo ni kweli kabisa. Kulala kando ya maji ni kazi ya mvuvi aliye kambini.

#43 Fundi_wa_Saa
Kitu kimoja kwa @PwaniKwetu anayetudharau: miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilikuwa zinatoka Uingereza kuelekea kusini mwa Afrika, na zilitua hapa. Juu ya maji. Ndege inashuka ghubani kama bata, abiria wanatolewa kwa mashua. Mzungu wa London alikuwa anafika Kisumu kwa kukanyaga ziwa kwanza, mji baadaye.

#44 PwaniKwetu
Hiyo nimesalimu amri. Sisi hata meli za kitalii zinatuchenga.

#45 MzeeStesheni
Nimalizie langu nikalale. Reli ya kupitia Eldoret ilipofika Kampala mwaka 1931, mzigo wa Uganda haukuhitaji tena kupita kwetu. Tukawa tawi. Tulibaki na meli za ziwani, mpaka zikaja zile za kubeba mabehewa mazima, kama MV Uhuru ya 1966. Nimeiona kwa macho yangu: behewa linaingia tumboni mwa meli kwa reli yake, magurudumu hayaachi chuma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, kila nchi ikachukua chake, gati likaota nyasi. Ukuta uliobaki ukawa unalinda kazi ambayo karibu haikuwepo. Mjukuu, ulichomwonyesha binamu yako ni ukuta huo.

#46 Nyar_Nyalenda
Asanteni nyote. Leo mchana nilirudi peke yangu na nikatembea tena kuanzia kwa saa, nikiangalia vizuri. Nimelipata! Ukishuka karibu na mwisho wa magodauni, kati ya ukuta na lori lililoharibika, kuna uwazi mwembamba, upana wa mlango wa choo. Ukisimama hapo hasa, unaona kipande cha maji, mtumbwi mmoja, na gugumaji kidogo. Mlinzi akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia ziwa. Akatazama nyuma yake kama vile hakujua lipo.

#47 Riat_Juu
Lori likitengenezwa litaonekana zaidi.

#48 MwalimuMstaafu
Au wataegesha lingine. Mzee wa Stesheni, ukuta ule si wa reli, ulijengwa baadaye sana.

#49 MzeeStesheni
Mwalimu, ukuta ule nimeupaka rangi mwenyewe. Kesho tukutane kwa saa, nikuonyeshe.

#50 TuktukManyatta
Wazee wawili, kutoka kwa saa hadi ukutani, hamsini kila mmoja.